Tangazo lilifika kwenye simu ya mama kabla sijamwambia

Shikamoo Shangazi,

Naandika huu ukiwa usiku wa tatu sijapata usingizi. Mimi ni binti wa kwanza, nina miaka 41, naishi na mama yangu mwenye miaka 70. Tangu mwaka jana anasahau, na si ule usahaulifu wa kawaida wa watu wazima. Anauliza jambo, unamjibu, baada ya dakika tano anauliza tena kwa sauti ileile. Majuzi nimekuta bili mbili kwenye droo ya soksi, bahasha hazijafunguliwa.

Sikumwambia kitu. Nilitaka kwanza niwe na uhakika. Jumamosi moja usiku, yeye akiwa amelala, nilikaa na simu yangu nikasoma dalili za ugonjwa wa kusahau mpaka saa nane. Nikakutana na jaribio la kumbukumbu la maswali 20, nikalijaza kwa niaba yake: umri, jinsia, anasahau nini, anaishi na nani. Mwishoni wakataka barua pepe na namba ya simu ili wanitumie majibu. Nikaandika zangu. Jumapili nikamwombea miadi kliniki kupitia tovuti yao. Jumatatu nikanunua kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba, pamoja na kengele inayolia mlango ukifunguliwa usiku. Nikapitisha kadi ya pointi ya duka kama kawaida yangu.

Alhamisi jioni mama alikuwa akiangalia video kwenye simu yake. Akainua kichwa akasema, "Hawa wananiuliza kama mama yangu ameanza kusahau. Mama yangu si alishafariki?" Akanipa simu. Kulikuwa na picha ya bibi aliyekaa dirishani, na chini yake maneno: "Je, mama yako ameanza kusahau? Usisubiri." Nikamwambia ni matangazo tu, wanatumia watu wote. Akaichukua simu, akasoma tena polepole, akifuata maneno kwa kidole. Kisha akaniangalia mimi. Hakusema neno. Tangu siku hiyo simu yake ameifungia kabatini.

Kliniki tulikwenda wiki mbili baadaye. Daktari alitaka mama avae saa ya mkononi inayohesabu hatua na usingizi. Akanipa na fomu yenye visanduku vitatu vya kutia alama: taarifa zake zitumiwe na madaktari wengine wanaomtibu, zitumike katika utafiti bila jina lake, na "washirika wetu" wawasiliane nasi kuhusu bidhaa na huduma. Nilikuwa na hasira, nikiamini wao ndio waliotuuza. Nikakataa vyote vitatu, saa nikaiacha mezani. Daktari alipouliza kama mama amewahi kupotea njia nikasema hapana, wakati alishapotea mara mbili.

Kaka yangu anasema nakuza mambo, mama hana cha kuficha, nitie saini tuendelee. Na sasa kuna mtu ananipigia simu akijiita mshauri wa bima, anataka kujua "mzee anaendeleaje".

Shangazi, nani alisema? Na ile fomu, nitie saini au nisitie?

Binti wa Kwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale mama alipokuwa akifuata maneno kwa kidole.

Nianze na lisilosubiri. Kesho asubuhi piga simu kliniki, mwambie daktari kwamba mama amepotea njia mara mbili. Huna haja ya kueleza mengi. Sema siku ile ulijibu vibaya. Mtu anayepotea kwenye njia aliyoizoea anampa daktari habari nyingine kabisa, tofauti na anayesahau majina, na mpango mzima wa usalama wa mama unaanzia hapo. Una haki ya kukasirika, lakini hasira yako ilimwangukia asiyehusika.

Hebu tuhesabu siku. Tangazo lilikuja Alhamisi. Daktari alimwona mama kwa mara ya kwanza wiki mbili baadaye. Alhamisi ile hakuwa na faili la mama wala majibu ya kipimo chochote. Wengine walikuwa na kile ulichowapa wewe kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, na sikulaumu hata kidogo, maana hakuna aliyekuambia kwamba unatoa.

Ninalolishuku kuliko yote ni lile jaribio la maswali 20. Kurasa nyingi za namna ile zipo ili kukusanya watu wenye wasiwasi, kwa sababu mwenye wasiwasi hununua haraka. Uliandika umri wa mama, anachosahau na anaoishi nao, kisha ukaambatanisha namba yako. Sasa jiulize huyo "mshauri wa bima" anapiga namba ipi. Anapiga yako. Ya mama hukuiandika popote.

Halafu lisome tangazo upya: "mama yako". Lilikuwa linasema na wewe. Simu mbili zinazolala nyumba moja kila usiku, zikitumia intaneti moja, kampuni za matangazo huzichukulia kuwa za kaya moja, na alichotafuta mmoja kinaweza kumfuata mwenzake. Ni kama barua yako imefunguliwa na mama kwa sababu mlango wenu ni mmoja. Hakuna mtu aliyekaa mahali akaamua kumuumiza, na kwangu hilo halipunguzi uchungu. Mashine ilikisia, ikakosea mtu, na hakuna aliyebaki wa kumwomba radhi isipokuwa wewe.

Kadi ya pointi nayo ina lake. Mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka ya Target huko Marekani yalivyokuwa yakikisia ni mteja gani mjamzito kwa kuangalia bidhaa kama 25, zikiwemo losheni zisizo na harufu na virutubisho vya madini. Losheni peke yake haisemi kitu. Losheni, virutubisho na pamba katika miezi fulani vinasema. Kisanduku chako cha siku saba na kengele ya mlango ni hivyohivyo: ukivitenganisha ni vitu vya nyumbani, ukiviweka kwenye risiti moja ni habari ya ugonjwa.

Je, kliniki wametoka wasafi? Daktari, ndiyo. Tovuti yao, iulize. Mwaka 2022 waandishi wa The Markup, chombo cha habari cha Marekani, walikagua tovuti za hospitali 100 zinazosifika Marekani, wakakuta 33 kati yake zikipeleka taarifa Facebook pale mgonjwa alipobonyeza kitufe cha kuomba miadi. Kilichokuwa kikifanya kazi hiyo ni kipande kidogo cha msimbo wa kompyuta, Meta Pixel, cha kampuni ya Facebook, ambacho hukioni kwenye ukurasa. Kwa hiyo andikia kliniki barua pepe fupi: ukurasa wenu wa miadi una vifuatiliaji vya kampuni za matangazo? Taarifa za Jumapili ile zilikwenda wapi? Usishangae daktari naye akisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kwako.

Sasa nije kwa kaka yako, kwa sababu neno lake nimelisikia mara nyingi na linanitia hofu. Mama hana cha kuficha, sawa. Lakini ana akaunti ya benki, ana simu, na anaanza kusahau aliyeongea naye dakika tano zilizopita. Kuna biashara inayomtafuta mtu wa namna hiyo hasa. Mwaka 2007 New York Times liliandika kuhusu kampuni ya Marekani, infoUSA, iliyokuwa ikiuza orodha za wazee. Moja ilipewa jina lenye maana ya "wazee wanaoteseka", na ilikuwa na watu milioni 4.7 wenye saratani au Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau. Matapeli walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa orodha za namna hiyo. Januari 2021 kampuni nyingine ya hukohuko, Epsilon, ilikubali kulipa dola milioni 150 katika kesi ya kuwauzia matapeli wa wazee taarifa za Wamarekani zaidi ya milioni 30. Hawa ndio madalali wa data. Wewe huwajui, hukuwahi kuingia dukani kwao, wala hawajawahi kukuona. Mwonyeshe kaka yako aya hii, kisha mwombe mwende wote benki mkaulize namna ya kuwekewa tahadhari kiasi kikubwa kikitaka kutoka kwenye akaunti ya mama, yeye mwenyewe akiwepo na akikubali.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kuona ulifanya vizuri kukataa kila kitu. Subiri kwanza.

Zile bili mbili kwenye droo ya soksi zimenikumbusha utafiti mmoja. Mwaka 2020 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha kazi ya watafiti waliounganisha rekodi za matibabu na za mikopo za wazee zaidi ya 80,000 wa Marekani wanaoishi peke yao. Waliokuja kuambiwa wana ugonjwa wa kusahau walikuwa wameanza kuchelewesha bili hadi miaka 6 kabla daktari hajautaja ugonjwa wenyewe. Miaka sita, mwanangu! Fikiria familia ingefanya nini na miaka hiyo yote: kupanga fedha, kutembelea wanaotaka kuonana naye, kuuliza maswali ambayo leo majibu yake yameanza kufifia. Alama ni ileile, bili isiyolipwa. Akiiona daktari ni onyo la mapema. Akiiona tapeli ni mlango ulioachwa wazi.

Na mwaka 2023, Uingereza, watafiti wa Imperial College London walichapisha utafiti wa kadi za maduka za wanawake 273. Waliokuja kugunduliwa saratani ya ovari walikuwa wameanza kununua zaidi dawa za maumivu na za kiungulia takriban miezi 8 kabla ya kuambiwa wanaumwa. Ni kadi kama hiyohiyo ya pointi uliyo nayo kwenye pochi. Tofauti ni kwamba wale wanawake waliulizwa, wakaelezwa zinakokwenda, wakasema ndiyo. Mimi nikipewa karatasi yoyote ya kutia saini, ninachotafuta ni hicho: nimeulizwa? Nimeambiwa kinakwenda kwa nani baada ya hapa?

Basi tuiangalie fomu kwa jicho hilo. Visanduku vimewekwa mstari mmoja kana kwamba ni ndugu, na sivyo kabisa.

Cha kwanza, madaktari wengine wanaomtibu, kikubalini. Daktari wa moyo asiyejua dawa za daktari wa kumbukumbu anaweza kuandika dawa isiyopatana na nyingine, na mama hataweza kukumbuka kuwaambia. Kusita hapo kunamdhuru yeye peke yake.

Cha tatu, "washirika wetu", kiacheni kitupu. Neno mshirika halina jina wala anwani, na kukiacha kitupu hakutakiwi kumpunguzia mama huduma yoyote. Mtu wa mapokezi akikuambia lazima, mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Cha pili ndicho chenye kazi, nami nakiheshimu. "Bila jina lake" ni maneno yanayotuliza kuliko yanavyostahili. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa bado mwanafunzi, alichukua data ya matibabu ya hospitalini ya wafanyakazi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliyokuwa imefutwa majina, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akaviweka pamoja. Akaipata rekodi ya gavana mwenyewe, William Weld. Baadaye alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya wanakoishi. Kwa hiyo muulize daktari: mtabakiza tarehe kamili ya kuzaliwa au mwaka peke yake? Nani ataishika data? Inaweza kupelekwa kwa kampuni? Mama akibadili mawazo mwakani, mnaifuta vipi? Kliniki inayofanya utafiti wa kweli ina majibu ya maswali haya na haikasiriki ukiyauliza. Wakijibu vizuri, mimi ningekubali, maana dawa ya ugonjwa huu haitapatikana kwa kuficha wagonjwa wote. Ila mimi si mama yako, na hilo nitalirudia chini.

Saa ya mkononi ina siri moja ambayo wengi hawaijui. Siri ya kitabibu inamfunga daktari, na haimfungi mtengenezaji wa saa kwa namna ileile. Sheria ya Marekani ya HIPAA, ya mwaka 1996, kwa mfano, inazibana hospitali na kampuni za bima ya afya, lakini kwa kawaida haiigusi programu ambayo mtu ameipakua mwenyewe. Muulize daktari akaunti ya saa itafunguliwa kwa jina la nani. Ikiwezekana ifunguliwe na kliniki kwa namba tu, bila jina la mama, bila picha, bila barua pepe yako, na kipimo cha mahali alipo kizimwe kama daktari hakihitaji. Ingawa kwa mtu aliyepotea mara mbili, huenda hicho ndicho mtakachokitaka kuliko hatua zote. Pimeni pamoja naye.

Usafi wa vitu vingine ni kazi ya jioni moja. Kwenye mipangilio ya simu zote mbili, futa namba ya utambulisho wa matangazo, na programu ikiomba kufuatilia unachofanya kwingine, ikatalie. Andikia lile jaribio wafute taarifa zako na wakutajie waliowapa. Andikia na duka hivyohivyo, na vifaa vya mama vinunue bila kupitisha kadi. Haya si maombi ya hisani. Ulaya sheria ya tangu 2018 inawapa mwezi mmoja kukujibu. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya 2022, na zote zinampa mtu haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kukataa kutumiwa kwa matangazo. Nchi nyingi sasa zina mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya kupeleka malalamiko ukipuuzwa. Huyo wa bima muulize kitu kimoja tu, "namba yangu umeipata wapi?", andika jibu na tarehe, umwambie asipige tena. Habari za mama usimpe hata moja, hata ile ya "anaendelea vizuri".

Sasa mama.

Barua yako ni ndefu, mwanangu, na ndani yake wewe umekataa fomu, kaka yako ameikubali, daktari ameitoa. Mama hajaulizwa mahali popote. Jaribio lilijazwa kwa niaba yake usiku akiwa amelala. Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini aliposoma lile tangazo, nadhani kilichomchoma kuliko ugonjwa ni kuona kwamba wageni wanajua, binti yake anajua, na yeye ndiye wa mwisho.

Kusahau bili hakumfanyi mtu ashindwe kujua anachotaka. Kaa naye saa ambayo akili yake huwa imetulia. Wengi wa hali hiyo ni asubuhi, nawe unamjua zaidi yangu. Acha simu chumbani. Mwambie: mama, mimi ndiye niliyekuwa natafuta, nilikuwa naogopa, na niliogopa kukuambia. Usimweleze habari za vifuatiliaji na madalali wa data kwanza. Akitaka kujua tangazo lilifikaje, utamweleza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuuliza tena baada ya dakika tano, mjibu tena kama mara ya kwanza.

Siku nyingine, si hiyohiyo, chukua fomu umsomee kwa sauti, kisanduku kimoja kimoja, kwa maneno yenu ya nyumbani. Muulize pia ni nani angetaka amwamulie mambo haya siku akishindwa mwenyewe, wewe au kaka yako au nyote wawili, na mwandike jibu lake angali anaweza kulitia saini. Mpe kalamu. Akikubali utafiti na kuikataa saa, mrudishie daktari saa yake na mwambie ndivyo mama alivyosema.

Shangazi